Kidonge cha supu chenye picha ya kuku: shaka liko wapi hasa?

*"Assalaam alaykum. Nimehamia Ujerumani mwaka jana nikitokea Tanga. Nyumbani nilizoea kutia kidonge cha mchuzi kwenye pilau na maharage bila kujiuliza. Huku nimekuwa nikinunua vidonge vilivyoandikwa Hühnerbrühe, vina picha ya kuku. Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp ikaletwa orodha ya namba za E zinazodaiwa kuwa ni nguruwe, zikiwemo E621, E627 na E631, na changu kina zote tatu! Shoga yangu mmoja anasema madhali hakuna nguruwe hakuna neno. Mwingine anasema ninunue vya mboga tu, na wa tatu anadai hata vya mboga vina pombe. Mama mkwe anakuja kufunga Ramadhani na sisi, naye ana presha. Nishike lipi? Na masufuria niliyokwisha kupikia?"*

Wa alaykum salaam, dada yangu. Hizo namba tatu si tatizo lako. Tatizo liko kwenye neno jingine la pakiti hiyo hiyo ambalo orodha ya WhatsApp haikuligusa: Hühnerfett, mafuta ya kuku, na pengine Hühnerfleisch, nyama yake iliyokaushwa ikasagwa. Kuku huyo kachinjwa na nani, na vipi? Shoga yako wa kwanza amejibu nusu ya swali. Yule wa vya mboga ndiye aliyekaribia, na wa tatu tutamfikia.

Geuza pakiti usome viambato. Sheria ya Ulaya inataka viandikwe kwa uzito, kilicho kingi kwanza. Cha kwanza utakuta ni chumvi, Salz au Speisesalz, ambayo peke yake ni karibu nusu ya kidonge na pengine zaidi. Hufuata mafuta ya mawese, Palmfett, halafu E621, wanga, sukari, dondoo la hamira liitwalo Hefeextrakt, neno Aroma, na manjano ya kutia rangi. Kuku yuko huko mwishoni. Kwa kuwa jina lake limetangazwa mbele ya pakiti, kiwanda kinalazimika kutaja asilimia yake, na aghalabu ni kati ya 1 na 3. Kwa kidonge cha gramu 10, hiyo ni gramu 0.1 hadi 0.3 ya kuku. Harufu unayoisikia ukikivunja inatoka zaidi kwenye Aroma, hamira na glutamati. Kwa hiyo shaka lote la uchinjaji unalibeba kwa ajili ya robo gramu ya kuku ambayo ulimi hauitambui. Ndiyo maana ushauri wangu kwa wanaoishi Ulaya ni ule ule: kidonge kiwe cha mboga, na ladha ya nyama itoke kwenye mifupa uliyoinunua mwenyewe kwa mchinjaji unayemwamini.

Sasa hizo namba. E ni alama tu kwamba kiongezi kimepimwa na kuruhusiwa Ulaya, haisemi kimetoka kwenye nini. E621 ni glutamati, ile ile iliyomo kwenye nyanya na samaki wakavu. Kiwandani hupatikana kwa kulisha bakteria molasi ya miwa, au sukari iliyotokana na wanga wa muhogo au mahindi, nao wakaichachusha. Hapo hakuna mnyama. Hofu juu yake ina chanzo cha kweli, ila imepotoshwa njiani. Mwishoni mwa mwaka 2000 Baraza la Maulamaa la Indonesia, MUI, liligundua kwamba Ajinomoto ya nchi hiyo iliwakuza bakteria wake kwa chakula cha maabara kiitwacho bactosoytone, ambacho ni protini ya soya iliyovunjwavunjwa kwa kimeng'enya cha kongosho la nguruwe. Bidhaa zikaondolewa madukani Januari 2001 na njia ya kutengeneza ikabadilishwa. Kilichobishaniwa hapo ni hatua moja ya utengenezaji, na hatua ya namna hiyo haionekani kwenye orodha ya viambato, hata msomaji awe makini vipi. Ndiyo faida ya cheti cha halali kinachostahili jina hilo: mkaguzi huingia kiwandani akauliza bakteria wanalishwa nini.

E627 na E631 ni ndugu wawili wanaotiwa kidogo sana, kwa sababu kazi yao ni kuikuza ladha ya glutamati mara nyingi zaidi. E631 ndiyo yenye historia ya nyama na samaki, maana zamani ilitolewa huko. Siku hizi nyingi hutengenezwa kwa uchachushaji au kutoka kwenye hamira, kwa sababu ni rahisi zaidi. Namba yenyewe haitakuambia ni ipi, lakini pakiti itakuambia: ikiwa na alama ya V-Label, ile ya njano yenye herufi V, basi E631 iliyomo haiwezi kuwa ya nyama wala ya samaki. Pakiti isiyo na alama hiyo wala cheti, kiandikie kiwanda.

Hamira nayo huzua maneno. Hefeextrakt inaweza kuwa ya hamira ya mikate au ya ile iliyobaki baada ya kutengeneza bia, na pakiti haitofautishi. Hamira ya bia huoshwa kuondoa uchungu na pombe kabla ya kuvunjwa, na taasisi za halali hazina kauli moja juu yake. Ukitaka kulala usingizi kwenye hili, chukua chenye cheti.

Maneno ya kuyatafuta kwa jicho kali kwa Kijerumani ni haya. Chochote kinachoanza na Schwein ni nguruwe. Schmalz ikiandikwa peke yake huwa ni mafuta ya nguruwe. Speck na Schinken pia ni nyama yake, na hupenda kujificha kwenye supu za unga za dengu na njegere ambazo mtu huzidhania ni mboga tupu. Rinderfett na Rindfleischextrakt ni mafuta na dondoo la ng'ombe, kwa hiyo swali la uchinjaji linarudi pale pale. Speisegelatine, ukiikuta bila maelezo, ihesabu kuwa ya nguruwe, maana Ulaya ndiyo iliyo nyingi. Zile supu nzito kama jeli kwenye vikombe vidogo mara nyingi hugandishwa kwa gundi za mimea, lakini soma usikisie. Wein, Weißwein na Sherry ni mvinyo, navyo utavikuta zaidi kwenye supu za chupa ziitwazo Fond. Hizo za chupa mimi ningezipita moja kwa moja: bei ni kubwa, mvinyo ni wa kawaida humo, na nyingi ni za ndama au wanyama wa porini. Branntweinessig isikutishe. Hiyo ni siki.

Huyo shoga wa tatu amesikia jambo lenye asili, akalikuza. Aroma ni neno moja linaloficha mengi: sheria haimlazimishi mtengenezaji kutaja limeyeyushwa kwenye nini, na ladha za majimaji huyeyushwa mara nyingi kwenye spiriti. Alama ya mboga inazuia mnyama, haizuii pombe. Lakini kidonge na unga ni vikavu, na ladha inayotiwa humo kwa kawaida imekaushwa juu ya wanga uliovunjwa, maltodextrin. Pombe haibaki humo kwa kiasi cha kutajika. Kusema kidonge cha mboga "kina pombe" si sawa, ila kama neno Wein limeandikwa, hapo hakuna mjadala, na kuchemsha hakukihalalishi.

Kuna sentensi nyingine huwachanganya watu, ile ya Kann Spuren von... enthalten, yaani huenda mna chembechembe za kitu fulani. Hiyo ni tahadhari ya mzio: seleri, maziwa, gluteni, mayai. Haihusu nguruwe hata kidogo. Kwa hiyo pakiti isiyotaja nguruwe hapo haithibitishi kwamba mashine hiyo hiyo haikutengeneza supu ya Speck asubuhi yake.

Turudi kwa kuku. Sheria ya Ujerumani ya kulinda wanyama inataka mnyama apoteze fahamu kabla ya kuchinjwa. Kifungu cha 4a kinaruhusu kibali maalumu kwa sababu za dini, na Mahakama ya Katiba ya Karlsruhe iliwapa Waislamu nafasi hiyo katika hukumu ya Januari 15, 2002, ila vibali ni vichache. Kuku wa kiwandani huning'inizwa miguu juu, akapitishwa kwenye maji yenye umeme au kwenye gesi, kisha kisu cha mashine kikapita shingoni. Wanazuoni wanauliza mambo mawili makubwa: je, alikuwa hai kisu kilipompitia, au alikwisha kuwa kibudu? Na aliyechinja ni Mwislamu au mtu wa Kitabu, ambao chakula chao kimehalalishwa katika Al-Maida aya ya 5? Kutaja jina la Mwenyezi Mungu ni sunna kwa madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, kwa hiyo hilo peke yake haliharamishi, lakini hayo mawili ni sharti. Wako masheikh wanaokubali kuku wa nchi za Kikristo kwa msingi wa aya hiyo, na wako wanaosema mashine na wafanyakazi wasiojulikana dini yao wameuondoa msingi huo. Mimi nakupa mambo ya kiwanda tu. Fatwa mwulize imamu wa msikiti wenu, na umpelekee pakiti yenyewe, usimsimulie.

Utasikia pia kwamba mafuta ndani ya kidonge "yamekwisha kugeuka" hivyo hukumu yake imebadilika. Hanafi na Maliki wana mlango mpana kidogo katika suala la kugeuka kwa kitu. Kwa Shafi ni mwembamba, kama mvinyo uliogeuka siki wenyewe na ngozi iliyodibaghiwa. Na hata kwa mlango mpana, mafuta ya kuku yaliyoyeyushwa, yakachujwa na kuchanganywa na chumvi bado ni mafuta ya kuku, hayajawa kitu kingine.

Ukitaka kuendelea na kidonge chenye kuku, basi kiwe na cheti, na cheti nacho kisomwe. Neno helal lililochapwa peke yake kwenye pakiti ya duka la Kituruki ni madai tu. Tafuta jina la taasisi iliyokagua na namba yake, kisha ingia kwenye tovuti ya taasisi hiyo uhakikishe. Hapo Ujerumani ipo Halal Control ya Rüsselsheim, na bidhaa za Malaysia hubeba alama ya JAKIM, idara ya dini ya Kiislamu ya serikali ya huko. Cheti hutaja bidhaa, kiwanda na tarehe ya mwisho, hakitaji kampuni nzima. Maggi ya Malaysia na Maggi ya Ujerumani zina jina moja lakini hazitoki jiko moja, kwa hiyo usimjibie mtu kwa pakiti ya nchi nyingine. Kwa Kituruki tavuk ni kuku, sığır na dana ni ng'ombe na ndama, domuz ni nguruwe.

Njia ninayoipenda mimi haikuhitaji kusoma haya yote. Nunua migongo, shingo na miguu ya kuku kwenye bucha ya halali, kilo moja na nusu. Miguu isikose, ndiyo yenye ute unaoifanya supu iwe nzito mdomoni. Tia maji baridi lita 3, weka motoni, na yakianza kutokota engua povu kwa upawa mpaka liishe. Hapo ndipo utie kitunguu kimoja kilichokatwa nusu pamoja na ganda lake lililooshwa, karoti moja, kipande cha tangawizi, punje kumi za pilipili manga na kijiti cha mdalasini. Chumvi bado. Punguza moto mpaka juu pawe panatikisika tu, kapovu kamoja kamoja, kwa saa 3. Ukiiacha ichemke kwa nguvu, mafuta yanavurugika ndani ya maji na supu inakuwa ya maziwamaziwa, yenye ladha ya mafuta mazito. Kwenye presha kuka saa moja inatosha.

Mifupa ya ng'ombe ina kazi zaidi. Ichemshe kwanza dakika 10, mwaga maji, ioshe, kisha anza upya kwa saa 6 hadi 8. Ukiruka hatua ya kumwaga, damu iliyoganda inaacha povu la kijivu ambalo hutalimaliza kuengua, na harufu nzito ambayo iliki na karafuu za pilau haziwezi kuifunika.

Chuja, kisha rudisha supu motoni bila kifuniko mpaka lita zile zibaki kama nusu lita. Imimine kwenye trei ya barafu na kugandisha, ndiyo vidonge vyako. Vipande viwili vitatu kwenye sufuria ya maharage vinatosha. Inakaa friza miezi 3 hadi 4, kwenye friji siku 3. Supu usiyoipunguza ipoze haraka: zungushia sufuria maji baridi kwenye sinki, iingie friji ndani ya saa 2. Supu iliyolala juu ya jiko usiku kucha hailiki hata ikichemshwa asubuhi, maana kuna vijidudu ambavyo mbegu zao huvumilia kuchemka, na sumu nyingine za vijidudu haziondoki kwa moto.

Kwa pilau, kilo moja ya basmati iliyolowekwa nusu saa inataka lita moja na nusu hivi ya maji na supu kwa pamoja. Ukitumia vidonge vya dukani kwa kipimo cha pakiti, kimoja cha gramu 10 kwa nusu lita, umetia vitatu na tayari mna gramu 15 au zaidi za chumvi, ambayo ni chumvi ya wali mzima. Pilau nyingi za ugenini zinaharibikia hapo: mtu ametia vidonge, akatia na chumvi kwa mazoea ya mkono. Onja maji kabla ya kutia mchele.

Kama una dagaa wakavu, una kidonge ambacho hakina swali la uchinjaji kabisa. Toa vichwa na matumbo, ndiyo yenye uchungu, wakaange bila mafuta dakika 3, loweka gramu 20 kwa lita ya maji nusu saa, kisha chemsha dakika 10 na uchuje. Dagaa wana inosinati ya asili, ndiyo ile E631 iliyowatia hofu, na ukitia nyanya yenye glutamati yake umepata kazi yote ya kidonge. Ni kwa mchuzi wa nazi na maharage. Kwenye pilau sikushauri. Na ukitaka kitu cha mboga cha kuchota kijiko, saga gramu 400 za karoti, kitunguu, seleri, nyanya, saumu na majani ya giligilani pamoja na gramu 100 za chumvi, weka kwenye chupa safi ndani ya friji. Chumvi hiyo, sehemu moja kwa nne, ndiyo inayozuia isioze, usiipunguze. Kijiko cha chai kwa kikombe cha maji.

Masufuria yako: kidonge kilichoandikwa kuku kwa kawaida hakina nguruwe isipokuwa kama imeandikwa, kwa hiyo osha kwa sabuni kama kawaida, suuza vizuri, endelea. Wale waliopika na Schmalz ndio wenye suala la kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, kwa kuwa madhehebu ya Shafi yamemlinganisha nguruwe na mbwa, ingawa Imamu Nawawi mwenyewe aliona dalili ya kuosha mara moja ina nguvu zaidi. Ulichokula bila kujua, Qur'ani imefundisha dua yake mwishoni mwa Al-Baqara: tusichukuliwe kwa tuliyosahau au kukosea. Wageni uliowapikia huna haja ya kuwapigia simu.

Kuhusu mama mkwe, hapo ningekuwa mkali kuliko kwenye namba za E. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku. Supu ya kidonge iliyotengenezwa kwa kipimo cha pakiti ina karibu gramu 1 kwa kila mililita 100, kwa hiyo bakuli moja la mililita 300 wakati wa kufuturu limekula zaidi ya nusu ya siku yake, na bado hajagusa sambusa. Mpikie kwa supu ya mifupa isiyo na chumvi, mtilie limau na pilipili manga, chumvi ajitilie mezani kwa kipimo. Maneno ohne Geschmacksverstärker, bila vikuza ladha, kwenye pakiti hayapunguzi chumvi. Unayoyatafuta ni ohne Salzzusatz, bila chumvi ya kuongezwa. Ukikuta chumvi mbadala ya potasiamu, Kaliumchlorid, usimpe kabla ya kujua hali ya figo zake na dawa anazotumia, kwa sababu baadhi ya dawa za presha huzuia potasiamu isitoke mwilini, na ikizidi inaweza kuuvuruga moyo. Amwone daktari wake huko Tanga kabla ya kusafiri, aulize hilo, na kama saa za kumeza dawa zinaweza kupangwa kati ya futari na daku, maana saumu ya Ulaya huwa ndefu au fupi kutegemea Ramadhani imeangukia msimu gani.